Malaika ya Fadhili, ya Makeba, ya Kidjo au ya Boney M: ipi ya harusini, ipi ya kusikiliza peke yako

Juzi tulikuwa kwenye kikao cha kamati ya harusi ya mdogo wangu, kikao cha tano kama sio cha sita maana hivi vikao haviishi mpaka siku yenyewe ifike, tumeshamaliza habari za ukumbi na vinywaji na nani hajatoa ahadi yake, ndo jamaa wa bendi akauliza maharusi wakiingia apige nini. Shangazi akajibu bila hata kumeza mate, Malaika. Wote tukaitikia. Jamaa akaandika kwenye kidaftari chake halafu akainua kichwa, "Malaika ya nani?"

Hapo ndo kikao kilivurugika. Shangazi anasema ya Makeba, kwani kuna nyingine? Mjomba anasema Makeba aliikuta, mwenyewe ni Fadhili. Kaka mmoja wa upande wa pili akasema yeye toka utotoni anaijua ya Boney M, lile kundi la disko, kwa sababu baba yake alikuwa na kanda. Binti mmoja hapo pembeni akataja Angélique Kidjo, akaangaliwa kama kavamia kikao. Mi nikapewa kazi ya kwenda kusikiliza zote nilete jibu, nadhani kwa sababu ndo nilikuwa nimebaki kimya. Basi nimekaa na masikio yangu wiki nzima na haya ndo niliyoyapata, kama na wewe una harusi au unataka tu kujua ipi uiweke kwenye simu, soma.

Kwanza kabisa tukumbushane wimbo wenyewe unasema nini, maana tumeuimba mpaka tumeacha kuusikiliza. Kijana anampenda binti, anamwita malaika, anataka kumuoa, hana mali. Basi. Hakuna vesi ya pili anapopata kazi, hakuna mwisho wa furaha, pesa zinamsumbua roho na wimbo unaisha hivyohivyo bado hajaoa. Yaani huu ni wimbo wa mtu aliyekwama kwenye mahari na sisi ndo tunaupiga maharusi wakiingia ukumbini, tena kwenye kikao kile kile tunachokimbizana na watu watoe michango ili kijana aoe. Nilipowaambia hivyo walicheka ila hakuna aliyebadili mawazo, na mi mwenyewe sijabadili, ukisikia ile sauti inavyoanza ukumbi mzima unalainika, huwezi kubishana na kitu kama hicho. Ila ndo kipimo changu kwenye ulinganisho huu wote, nilikuwa nasubiri pale pa "mali sina" nione mwimbaji anapapitaje. Kama anapita kama anasoma namba ya gari, mi hapo nishamjua.

Sasa mwenyewe ni nani. Jina linaloandikwa zaidi ni la Fadhili William, Mkenya wa Taita, kazaliwa 1938. Mwanzoni mwa miaka ya 60 aliurekodi na bendi yake ya Jambo Boys, halafu 1963 ukarekodiwa tena Nairobi, Equator Sound, studio ya Mwingereza anaitwa Charles Worrod. Pale Equator walikuwepo kina Daudi Kabaka na Wazambia wawili Nashil Pichen na Peter Tsotsi, ilikuwa kama kiwanda hivi, na sio Malaika peke yake iliyotoka pale ikavuka bahari, ile Helule Helule ya Kabaka ilirudiwa na Waingereza The Tremeloes mwaka 1968. Kwahiyo rekodi ya kwanza kuuza ni ya Fadhili, hilo halina ubishi mkubwa.

Ubishi uko kwenye utunzi. Upande wa Tanzania kuna jina la Adam Salim, kazaliwa 1916, wanaomtetea wanasema aliutunga miaka ya 1945 na 1946 alipokuwa anaishi Nairobi, kwa ajili ya msichana aliyempenda ambaye wazazi hawakukubali akaozwa kwa mtu mwingine. Mombasa watakutajia Lucas Tututu. Kuna anayetajwa pia Grant Charo. Kila mmoja ana watu wake na kila ukikaa na wazee wa muziki utapata hadithi nyingine, sitaki kuamua hapa maana nitatukanwa na nchi mbili kwa mpigo. Ninachoona mimi ni kwamba ile hadithi ya Salim inakaa vizuri sana na maneno, binti kaolewa na mwingine kijana kabaki anaimba, lakini hadithi kukaa vizuri sio ushahidi, na Fadhili ndo aliyeuimba kwenye kinasa ukasikika. Fadhili mwenyewe aliishi Marekani miaka mingi, akarudi nyumbani, akafariki Nairobi 2001.

Tuingie kwenye muziki sasa.

Ya Fadhili ukiifungua leo kitu cha kwanza utaona sauti imefifia, ni rekodi ya zamani, besi haisikiki vizuri, ukiipiga kwenye spika kubwa za ukumbini itatoka kama redio iliyofunikwa na shuka. Hilo ndo tatizo lake na ni kubwa kwa mtu mwenye harusi. Ila sikiliza mwendo. Haijalegea kama tunavyoimba sisi siku hizi. Gitaa linatembea, ngoma nyepesi inasukuma kidogo kidogo, unaweza kuicheza kabisa mkiwa wawili mmeshikana bila kukanyagana. Na yeye anaimba kama kijana wa kawaida anayeongea, hana mbwembwe, hapandishi sauti ili umpigie makofi. Akifika "mali sina" anaisema tu, kama mtu aliyeshakubali kwamba leo hana na kesho pengine pia hana. Mara ya kwanza niliona kama amepoa, mara ya nne nikaona huyu ndo pekee ambaye ukimsikiliza unaamini kwamba mfukoni hana kitu.

Ya Makeba ni habari nyingine. Miriam Makeba wa Afrika Kusini, Kiswahili sio lugha yake, lakini yeye ndo aliyeutoa huu wimbo Afrika Mashariki akaufikisha kila mahali. Rekodi inayojulikana zaidi iko kwenye albamu aliyofanya na mwimbaji Mmarekani Harry Belafonte 1965, An Evening with Belafonte/Makeba, ile iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata upande wa muziki wa kienyeji. Kwenye albamu ile nyimbo nyingi kila mtu anaimba wa kwake, Malaika ni kati ya nyimbo chache ambazo wako pamoja. Wameupunguza mwendo, ngoma karibu hakuna, gitaa linadonadona taratibu na sauti mbili zinapokezana. Kinachokushika ni ukimya uliopo katikati ya mistari, wanaachia nafasi mpaka unasikia pumzi.

Na huo mwendo wa Makeba ndo mwendo tunaoujua sisi wote, hata ambaye hajawahi kumsikiliza Makeba. Mabendi ya hotelini pwani yote wanaupiga hivyo, mtoto wa shule akiambiwa aimbe Malaika ataimba polepole hivyo. Kwahiyo shangazi aliposema "kwani kuna nyingine" hakuwa mbali sana na ukweli. Kava, yaani wimbo ukirudiwa na mwingine, imemeza wimbo wenyewe, ukiipiga ya Fadhili leo kuna watu watakuuliza mbona umeikimbiza.

Makeba aliendelea kuuimba jukwaani miaka na miaka mpaka uzeeni, video zipo, na mi nikipewa nichague kati ya ya pamoja na Belafonte na zile za peke yake jukwaani nachukua za peke yake. Belafonte ni mzuri sana lakini kwenye wimbo wa kuomba kueleweka wakiwa wawili wanaimba kitu kile kile, unajiuliza nani anamwambia nani. Kama ni majibizano basi msichana angemjibu kitu. Hapa wote wawili hawana mali.

Ambayo inanileta kwenye jambo lililonikaa kichwani wiki nzima, nalo ni neno "ningekuoa". Kwa Kiswahili mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, hata mtoto wa darasa la pili anajua. Sasa Makeba ni mwanamke na anaimba ningekuoa. Kidjo hivyohivyo. Liz Mitchell wa Boney M hivyohivyo. Waimbaji maarufu zaidi wa Malaika duniani karibu wote ni wanawake na wote wanaimba maneno ya mwanaume aliyekosa mahari! Kwa Kiingereza huwezi kuliona hili maana huko neno ni moja tu kwa wote wawili. Sisemi ni kosa, kwenye taarabu mwanamke kuimba shairi la mwanaume ni kawaida toka enzi za Siti binti Saad, na hakuna anayeshangaa. Lakini ukumbini, kwenye maikrofoni, akiimba dada wa bendi "ningekuoa" huku bwana harusi anatembea anatabasamu, ukiusikiliza kwa makini unaona kuna kitu kimegeuka juu chini. Mjomba alisema hakuna anayesikiliza kiasi hicho. Mi nasikiliza.

Na kuna pale pa kidege. Ukitafuta maneno ya wimbo mtandaoni utakuta imeandikwa "hukuwaza kidege", na ndo watu wengi wanavyoimba, wengine wanaimba "nakuwaza". Angalia sasa. "Hukuwaza" unaweza kuichukua kama ile hu ya mazoea, yaani huwa nakuwaza, siku zote nakuwaza, na hapo ni tamu sana. Lakini neno hilo hilo bila kubadili hata herufi ni wewe hukuwaza, hukufikiria, yaani lawama. Kijana hana hela halafu anamlaumu kidege hakufikiria. Mi naona mtunzi alitaka ile ya kwanza, ila sikio la mtu wa kawaida aliyekaa meza ya nyuma anaweza kuchukua ya pili, na siku ya harusi sitaki mtu yeyote aambiwe hakufikiria. Kwahiyo kama unampa mwimbaji maelekezo, mwambie aimbe nakuwaza na mambo yaishe.

Angélique Kidjo, wa Benin, aliiweka kwenye albamu ya Logozo ya 1991. Huyu amekuwa akisema wazi kwamba Makeba ndo aliyemfungulia njia, na inasikika, kachukua mwendo wa Makeba sio wa Fadhili, halafu kaongeza sauti yake ambayo nyie mnaijua, ile sauti ina misuli. Vinanda vya enzi zile vimetandikwa chini kama zulia na yeye anapanda juu mpaka unahisi dari itapasuka. Kama unataka kusikia sauti ya binadamu inaweza kufanya nini, hii ndo yako, weka spika za masikioni usiku, zima taa. Ila kijana asiye na mahari hayumo humu ndani. Mtu mwenye sauti kama hiyo huwezi kuamini ameshindwa na kitu, akifika "mali sina" unaona kama ataipata kesho asubuhi kwa kuiita tu. Nasema hivi kwa mapenzi, ni kava nzuri, imebadilisha shida ikawa sala. Kwa kanisani ingefaa.

Boney M sina maneno mengi. Walitoa 1981, iko kwenye albamu yao ya Boonoonoonoos, mtayarishaji ni yule Mjerumani wao Frank Farian, ambaye kwa taarifa yako sauti nyingi za kiume unazosikia kwenye nyimbo za Boney M ni yake na sio ya yule jamaa aliyekuwa anacheza mbele. Liz Mitchell ana sauti nzuri, safi, mpangilio umenyooka, kila kitu kiko mahali pake kama sebule ya mtu asiye na watoto. Ngoma ipo, unaweza kutikisa bega. Ubora wa rekodi uko juu kuliko ya Fadhili na ya Makeba, kwenye spika za ukumbini ingetoka vizuri sana. Tatizo ni pale pa kipimo changu, "mali sina" inapita hata hujaiona, ingeweza kuwa wanaimba habari za mvua. Yule kaka mwenye baba wa kanda nikamwambia hivyo, akasema yeye haijalishi, akiisikia anamuona mzee wake Jumapili mchana anafuta vumbi la redio. Hapo sina la kumjibu, kama na wewe umekua nayo basi wewe chukua hiyo, achana na mimi.

Kuna na Waswidi, hii niliipata kwa bahati tu nikaisikiliza nikacheka peke yangu jikoni. Bendi ya Hep Stars mwaka 1967 waliuimba kwa Kiswidi, wakabakisha jina Malaika tu, na kwenye hiyo bendi alikuwepo Benny Andersson, yule yule aliyekuja kuwa wa ABBA. Sio ya harusini. Ila ukitaka kumnyamazisha mtu anayejifanya anajua historia ya muziki, muulize hilo.

Haya sasa uchague ipi.

Kama unataka maharusi waingie wakitembea, na unatumia rekodi sio bendi, piga Makeba. Sio kwa sababu ndo bora, ni kwa sababu ukumbi mzima unaijua, shangazi watalia pale wanapotakiwa kulia na mpiga picha atapata picha zake. Mwendo wake ni wa kutembea na gauni refu. Ya Fadhili kwa rekodi usijaribu, nimeijaribu kwenye spika ya jirani na alidhani imeharibika.

Kama una bendi hai ni tofauti kabisa. Hapo mi ningesema wachukue mwendo wa Fadhili, maana shida ya ile rekodi ni uchakavu tu na bendi ikiipiga leo uchakavu unaondoka, unabaki na lile gitaa linalotembea. Na kwa bendi ni kazi rahisi, wimbo una kodi (chords) tatu za gitaa za kawaida kabisa, hata yule anayejifunza gitaa miezi miwili ataufuata, ndo maana umesambaa hivi. Ila mwimbaji awe mwanaume. Kama mwimbaji mwanaume hayupo basi rudini kwa Makeba, kuliko dada wa watu aimbe mwendo wa Fadhili nusu nusu.

Kama unamtongoza mtu, na kweli huna hela, Fadhili. Usimtumie ya Kidjo, atadhani unajiweza.

Kama unamfundisha mgeni Kiswahili, Makeba tena, kila silabi inakaa peke yake na anapumzika vya kutosha mtu aandike. Japo umweleze mapema habari ya kuoa na kuolewa, la sivyo ataenda kumwambia mtu mambo.

Kama unabembeleza mtoto, yoyote, mtoto hajui mahari. Mi wa kwangu analala na ya Belafonte na Makeba, dakika moja na nusu tu tayari, na nadhani ni ile sauti ya kiume ya chini inayomlaza. Kwa hiyo kazi Belafonte nimemsamehe.

Na kama uko peke yako usiku na una madeni yako, usiende kwa Kidjo kwanza, anza na Fadhili halafu Kidjo ndo amalizie. Ukianza na Kidjo ya Fadhili itaonekana nyembamba na itakuwa umeionea.

Kwetu ni bendi hai. Nikampigia jamaa nikamwambia achukue mwendo wa Fadhili, aimbe yeye mwenyewe na sio yule dada, na pale pa kidege aimbe nakuwaza. Shangazi nitamwambia siku ya siku, au nitamwacha ashtukie. Jamaa akanisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa kaka nimekuelewa, ila wao wameshazoea kuupiga wa Makeba, huu itabidi wakae mazoezi siku mbili, kwahiyo mtaongeza kidogo juu ya ile tuliyokubaliana. Nimeiweka kwenye grupu la kamati toka jana mchana kama alivyosema, na kiasi. Mpaka sasa ni tiki za bluu tu.